Tumbaku ya kiko: jinsi ya kulinganisha ya sokoni Dodoma na ile ya kuagiza onlaini

Wavuta kiko hapa Dodoma sio wengi ila tupo, na kila tukikutana ubishi ni uleule, mmoja anasema tumbaku ya soko la Majengo ni kali tu haina ladha, mwingine anasema hizo za makopo mnazoagiza nje ni marashi mnavuta. Mi nimekaa pande zote mbili. Babu yangu kule Mvumi alivuta kiko cha udongo mpaka uzeeni, tumbaku alikuwa anaikata mwenyewe kwa kisu mbele yetu, ila mi nilikuja kuanza ukubwani kwa kopo nililoletewa na mtu kutoka Uingereza, na kwa miaka kadhaa nikawa nasema tumbaku ya sokoni haivutiki. Nilikuwa nakosea. Nilikuwa nachukua jani lililokaa mezani kwa muuzaji likapigwa na upepo wa Agosti mpaka likawa kama karatasi, nalilinganisha na jani lililofungwa koponi na maji yake yote. Ni kama kushindanisha ugali wa jana na wali uliopakuliwa sasa hivi halafu useme mahindi hayafai.

Kwaiyo hapa naeleza namna ninavyofanya sa hivi, hatua kwa hatua, mpaka zote mbili zinasimama sawa ndo unatoa hukumu.

Ila kabla ya yote, na hili nalisema kwa uzito wake. Kiko sio salama kuliko sigara kwa sababu tu humezi moshi. Moshi wa kiko unaleta saratani ya mdomo, midomo, koo na umio, mapafu pia hayaponi, na nikotini inakamata mtu vilevile. Kama huvuti, usianze kwa sababu umesoma hapa. Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anavuta na anataka kujua anachovuta. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 na inakataza kuvuta sehemu za umma, kwaiyo majaribio haya yafanyie nje nyumbani kwako, mbali na watoto na mbali na dirisha la jirani, sio Nyerere Square.

Hatua ya 1: Jua unachonunua sokoni

Nenda Majengo, au Sabasaba, au siku ya mnada nenda Msalato. Utakuta wazee na akina mama wana tumbaku ya aina kama tatu nne hivi mezani au chini kwenye turubai, na usipouliza utachukua isiyo ya kwako.

Kuna majani mazima yaliyoanikwa, yamefungwa vishada. Kuna ya kusokota, ile imesokotwa kama kamba nene nyeusi ikazungushwa. Kuna iliyotwangwa ikafinyangwa kama mkate au donge. Na kuna ugoro, wa kunusa au wa kuweka mdomoni. Ugoro usiuweke kwenye kiko hata siku moja, kwa sababu mara nyingi umechanganywa na magadi, na magadi yanafanya nikotini iachie haraka sana, utatapika na kichwa kitazunguka mpaka ukae chini. Hata donge uliza kwanza. Mi siku ya kwanza niliokolewa na muuzaji mwenyewe:

"Mbukwa babu, shikamoo."

"Marahaba mwanangu, wataka ya kunusa au ya kuvuta?"

"Ya kuvuta babu, kwenye kiko."

"Basi hiyo uliyoshika iache, ina magadi hiyo. Njoo huku."

Yaan angekaa kimya ningeondoka na donge la ugoro nikalisaga nikavuta. Kwaiyo salimia vizuri, uliza, wazee hawa wanajua mali yao na hawafichi. Maswali ya kuuliza ni manne: imetoka wapi, ilianikwa kivulini au juani, ni ya msimu upi, na umechanganya na nini. Hilo la mwisho ni muhimu kwa sababu wapo wanaokukatia ya kamba na ya majani wanachanganya mkononi palepale, na huo mchanganyiko ni kazi ya muuzaji mwenyewe, akibadilisha kidogo na ladha inabadilika. Ukipata unaoupenda mwambie akuwekee uleule na ununue wa kutosha kumaliza jaribio lote.

Hapa inabidi nieleze kidogo mambo ya ukaushaji maana ndo mzizi wa tofauti yote. Tanzania tunalima tumbaku nyingi sana, Tabora kule Urambo, Kaliua na Sikonge, Chunya, Kahama, hata Manyoni hapo jirani zetu. Hiyo nyingi ni tumbaku ya mvuke, inakaushwa kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia, kwa joto linalopita kwenye mabomba kama wiki moja hivi, na kwa sababu inakaushwa haraka sukari ya jani haipati muda wa kuisha, inabaki humo. Kule Ruvuma, Namtumbo na Songea, wanajulikana kwa tumbaku ya moshi, hiyo inaning'inizwa juu ya moto wa kuni mpaka jani linakuwa jeusi na linanukia moshi. Halafu kuna ya hewa, inaning'inizwa kivulini wiki nyingi, na kwa huo muda mrefu jani linakula sukari yake lenyewe mpaka inakaribia kuisha.

Tumbaku hizi za biashara kubwa zinanunuliwa kwa mkataba na nyingi zinasafirishwa nje. Unayoikuta mezani Majengo mara nyingi ni ya bustani ndogo za watu, imeanikwa tu kwa hewa na jua. Maana yake sukari kidogo, nguvu nyingi. Moshi wa jani lenye sukari unakuwa na uchachu, wa jani lisilo na sukari unaelekea upande wa magadi, na moshi wa namna hiyo nikotini yake inapita kwenye ngozi ya mdomo kirahisi zaidi. Ndo maana tumbaku ya babu ukivuta bila kumeza moshi bado inakushika.

Hatua ya 2: Chagua ya onlaini inayofanana nayo

Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Mtu anachukua tumbaku ya kamba ya Majengo, anailinganisha na kopo lenye vanila na cheri, halafu anasema ya nje ni tamu. Ni tamu kwa sababu imetiwa utamu! Jani la chini huko wala hulijui.

Jifunze maneno yanayoandikwa kwenye maelezo ya bidhaa. Virginia ni hiyo hiyo tumbaku ya mvuke, tamu kiasili, rangi ya njano mpaka kahawia. Burley ni ya hewa, ladha ya karanga na udongo, haina utamu wake yenyewe ila inanyonya viungo vizuri. Kentucky ni ya moshi wa kuni. Oriental ni majani madogo madogo ya juani ya Uturuki, Ugiriki na nchi za huko. Latakia ni jani la aina hiyo lililofukizwa kwa moshi siku nyingi, asili yake Syria, sa hivi inayouzwa zaidi ni ya Cyprus, harufu yake kama nyama iliyobanikwa au ngozi, ukifungua kopo nyumba nzima itakuuliza. Perique inatoka St. James Parish kule Louisiana, inashindiliwa kwenye mapipa karibu mwaka mzima ikichacha humo, inakuja na ladha ya pilipili na zabibu kavu, sisi watu wa zabibu hiyo harufu tunaifahamu. Cavendish sio aina ya jani, ni namna ya kulifanya, linapigwa mvuke na kugandamizwa likawa jeusi na laini, na mara nyingi linatiwa viungo.

Wakiandika aromatiki maana yake imetiwa harufu juu. Wakiandika mchanganyiko wa Kiingereza mara nyingi maana yake una Latakia.

Sasa pangilia hivi. Kama wa sokoni ni wa majani ya kuanika, tafuta wa onlaini wenye Burley kwa wingi, mfano Prince Albert, upo tangu 1907 huko Marekani, wamezoea kuuvuta wazee wao kama wetu walivyozoea hii yetu. Kama ni ya kusokota, tafuta ya kusokota ya Kendal, kaskazini mwa Uingereza. Samuel Gawith walianza huko 1792 na Gawith Hoggarth nao ni wa hapohapo, wanasokota tumbaku kama kamba mpaka leo. Ukiiona mara ya kwanza utashtuka, ni ileile kamba ya babu, tofauti imefungwa kwenye pakiti. Huo ndo ulinganisho wa haki kuliko wote na ndo ninaoupenda. Angalia tu usichukue zile za Kendal zilizotiwa harufu ya maua, zipo, na zinanukia kama sabuni.

Kama unataka kujua jani la mvuke likifanyiwa kazi vizuri linakuwaje, chukua Full Virginia Flake ya Samuel Gawith au Virginia No. 1 ya Mac Baren wa Denmark. Ila hizo hazina mwenzake mezani Majengo, zivute kama somo.

Usisome maoni ya wanunuzi ukayachukua mazima. Mtu aliyezoea vanila akisema hii ni kali mno, kwako uliyekulia na tumbaku ya kamba itakuwa ya kawaida. Tafuta anayeeleza alivyoivuta, aliikausha muda gani, kiko cha ukubwa gani. Hao ndo wa kuwasikiliza.

Hatua ya 3: Pima kwa gramu, sio kwa fungu

Sokoni tunanunua fungu au kipande, onlaini ni kopo la gramu 50, la Kimarekani gramu 57. Bila mizani hujui chochote. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, itakusaidia pia kwenye unyevu.

Pima fungu baada ya kutoa mishipa na mchanga, sio kabla. Kwa ya onlaini jumlisha bei ya kopo, usafiri, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na VAT ya 18%, halafu gawa kwa gramu. Kiko cha kawaida kinabeba kama gramu 2 mpaka 3, kwaiyo kopo moja ni mijazo 20 hivi. Andika bei kwa mjazo. Tofauti utakayoiona ni kubwa sana na usafiri peke yake unaweza kuzidi bei ya kopo, ndo maana mi siagizi kopo moja, tunajikusanya watu watatu wanne tunaagiza pamoja.

Tangaza mzigo wako kama ulivyo. Ukiandikwa zawadi au chai halafu ukafunguliwa, umepoteza mzigo na umejitafutia kesi. Na kabla ya kulipa muulize muuzaji kama anatuma tumbaku Tanzania, wengi hawatumi, wengine wanapokea hela kwanza ndo wanakumbuka. Mi imenikuta, hela ilirudi baada ya wiki sita.

Hatua ya 4: Kagua na safisha

Ya sokoni ifungue juu ya sinia jeupe. Toa mshipa mkubwa wa katikati ya jani, ule ukiuacha unawaka kwa joto kali na ladha yake ni ya kuni. Pepeta kwenye chekeche, vumbi la Dodoma tunalijua, na mchanga ukiingia kwenye kiko unaharibu kila kitu. Nusa. Tumbaku nzuri inanusa kama majani makavu ya malisho, au matunda makavu, au chachu kidogo. Ikinusa kama chumba kilichofungwa masika nzima, hiyo ina ukungu, rudisha au tupa. Ukungu unaonekana kama nyuzi au manyoya, meupe au ya kijani. Usichanganye na ya kopo iliyokaa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa na chembe chembe zinazong'aa kama sukari ya unga, hizo hazina manyoya na hazinusi vibaya, haina shida.

Ya onlaini angalia kopo lisiwe limetoboka au limeshika kutu, na kama lina tarehe iandike.

Hatua ya 5: Sawazisha unyevu

Nikiambiwa niache hatua zote nibaki na moja, ni hii. Asilimia kubwa ya ubishi wetu ni maji tu.

Tumbaku ya kopo mara nyingi inakuja na maji mengi, nyingine imeongezwa propilini glaikoli ili isikauke, hiyo hata ukiianika inabaki inateleza. Ukiivuta vilevile inatoa mvuke, mvuke unaunguza ulimi, unasema tumbaku mbaya. Ya sokoni kwetu ni kinyume chake, kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ya Dodoma ni kavu, jani linakauka mpaka linavunjika, likiwaka linawaka haraka na moto mkali, linaunguza koo, unasema hiyo nayo mbaya. Zote mbili ulimi umeungua, na hakuna iliyoonjwa.

Jaribu hivi kujua kopo lina maji kiasi gani. Pima gramu 20 za tumbaku, itandaze kwenye sinia juani saa za mchana mpaka inavunjika yote kwa vidole, pima tena. Ikibaki gramu 16, basi zimetoka gramu 4, yaani maji yalikuwa karibu 20%. Sio kipimo cha maabara maana ndani bado kuna maji kidogo, ila kwa kazi yetu kinatosha. Mi nalenga 13% hivi kwa zote mbili.

Ya kopo, tandaza kwenye karatasi kivulini. Masika inaweza kuchukua saa nzima au mbili, kiangazi hapa dakika 20 zinatosha, ukijisahau imekwisha. Mi niliwahi kuacha kopo wazi usiku mmoja wa Julai na dirisha wazi, asubuhi ilikuwa chipsi.

Ya sokoni, irudishie maji taratibu. Weka majani kwenye bakuli la udongo au la kioo, funika mdomo wa bakuli kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kukamuliwa vizuri, kitambaa kisiguse tumbaku. Usiku mmoja. Asubuhi geuza, kama bado linavunjika rudia. Usinyunyize maji moja kwa moja, usiweke ganda la chungwa wala kipande cha kiazi, watu wanashauri sana hiyo ila unaleta ukungu. Nilishaharibu robo kilo nzima ya tumbaku nzuri ya kamba kwa kunyunyiza maji na kuifunga kwenye mfuko wa plastiki karibu na dirisha lenye jua, siku ya nne ilikuwa ya kijani. Iliniuma kwa sababu mzee aliyeniuzia alikuwa na kiasi hicho tu cha msimu ule.

Kipimo cha vidole ni hiki: finya kidole na gumba. Ikishikana ikabaki donge, ni mbichi. Ikivunjika kwa sauti, imezidi kukauka. Ikishikana halafu ikifunguka taratibu yenyewe ukiachia, hapo ndo penyewe. Zifikishe zote mbili hapo, weka kila moja kwenye chupa yake ya kioo yenye mfuniko wa kubana, acha siku mbili maji yaenee sawa.

Hatua ya 6: Kata sawa

Mkato unabadilisha mwendo wa moto, kwaiyo zote ziwe na mkato mmoja. Majani mazima yaviringishe kama sigara nono, kata kwa kisu kikali vipande vyembamba kama vya sukuma wiki inayokatwa na mtu anayejua. Ya kamba, zote mbili, kata visahani vyembamba kama sarafu halafu fikicha kwa viganja mpaka iwe nyuzi. Fleki, yaani ile iliyogandamizwa ikakatwa vipande bapa, nayo ifikiche hivyohivyo. Hakuna la zaidi, kisu tu kiwe kikali.

Hatua ya 7: Viko viwili vya aina moja

Kiko cha mti kinashika harufu. Ukivuta Latakia ndani yake, mijazo kumi inayofuata itakuwa na Latakia hata kama umeweka tumbaku ya Manyoni. Kwaiyo usitumie kiko chako kipenzi kwenye jaribio.

Viko vya gunzi la mahindi ni rahisi ukiagiza pamoja na tumbaku, Missouri Meerschaum wanavitengeneza tangu 1869, chukua viwili vya umbo moja. Ila mi napenda zaidi kiko cha udongo, ukimpata mama mfinyanzi mwambie akufinyangie viwili sawasawa, ukubwa mmoja wa tundu. Udongo hauongezi ladha, na ukichafuka unakilaza kwenye makaa mekundu ya jiko mpaka kiungue na kurudi safi, halafu unakiacha kipoe humohumo taratibu kisipasuke. Tatizo lake kinachoma mkono, shika kwenye mrija.

Na hapa niseme kitu ambacho wengi hawajui na kinanifurahisha kila nikikumbuka. Zamani Arusha kulikuwa na kiwanda cha viko vilivyochongwa kwa madini meupe laini ya Amboseli, kule mpakani mwetu na Kenya, vikauzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Kiko, neno letu hilihili, na alama yake tembo. Wazungu wanaokusanya viko mpaka leo wanavitafuta. Ukimkuta mzee ana kimoja kabatini usimpe bei ya kumdhulumu.

Hatua ya 8: Vuta

Mjazo mmoja kwa siku, saa ileile, baada ya kula, kamwe sio tumbo tupu. Leo ya sokoni, kesho ya kopo, kesho kutwa ya sokoni, mpaka kila moja umevuta mara tatu angalau. Mjazo wa kwanza hausemi ukweli, kiko ni kipya na wewe una haraka ya kujua.

Kama una mwenzako, mwambie ajaze yeye na asikuambie ni ipi. Mi hujaziwa na shemeji yangu, yeye havuti kabisa, anajaza tu kwa mizani gramu mbili na kuandika kwenye karatasi anayoificha. Siku ya kwanza tulivyofanya hivyo nilikosea mara mbili kati ya sita, na nilikuwa naapa nazijua.

Chini jaza kwa kulegeza, juu kaza kidogo, vuta bila moto uone hewa inapita kama unavyovuta soda kwa mrija. Washa kwa kiberiti cha njiti, acha kiberiti kiungue sekunde moja mbili harufu ya baruti itoke, zungusha moto juu ya tumbaku yote. Itafura. Ishindilie kidogo, washa tena. Hapo sasa vuta polepole, kiko kisipate moto wa kushindwa kukishika shavuni. Kikizima kiwashe, sio dhambi. Maji ya kunywa yawe karibu, au chai isiyo na sukari, usiweke soda wala mvinyo maana ulimi ukishapata sukari huwezi kuhukumu tena. Na jikinge na upepo, upepo wetu wa kiangazi unapuliza kiko kama mafundi wa vyuma wanavyopuliza mkaa.

Ukisikia jasho jembamba, mate mengi, na kizunguzungu, acha palepale, kunywa maji, kaa. Hiyo ni nikotini imezidi. Usimalizie kwa sababu ya jaribio.

Hatua ya 9: Andika ukiwa bado na kiko mkononi

Daftari la kawaida. Mi naandika harufu kabla ya moto, mara ngapi kilizima, ulimi uliungua au la, nguvu, ladha ya mwanzo, ya nusu na ya mwisho, chini kulibaki maji au majivu makavu, na mdomo ulikuwaje baada ya saa moja. Hilo la mwisho watu wanaliruka na mi naona ndo linasema mengi. Sio lazima maneno ya kitaalamu. Mi nimeshaandika "moshi wa jikoni kwa bibi", "zabibu za Hombolo zilizoanza kukauka", "gunia jipya", na nikisoma baada ya mwaka najua kabisa nilimaanisha nini.

Nilichokiona mimi baada ya misimu miwili ya kufanya hivi: tumbaku nzuri ya kamba ya sokoni ikipata maji yake na mkato wake inasimama bega kwa bega na ya Kendal kwa nguvu na kwa ule mwili wa moshi, na mwisho wa mjazo majivu yake yalikuwa makavu zaidi. Inapozidiwa ni mambo mawili. Kwanza utamu, ile haina, na hautaupata kwa kuirudishia maji. Pili kulingana, kopo la mwaka huu na la mwaka kesho ni karibu kitu kimoja, ila ya sokoni kila fungu ni fungu lake, msimu wa mvua chache jani linakuwa nene na kali, msimu mzuri linakuwa laini. Kuna wanaoona huo ni udhaifu. Mi naona ni kama asali ya Manyoni, unaijua miti iliyochanua mwaka ule, ila nakubali kwamba mtu anayetaka ladha ileile kila jioni atasumbuka.

Hatua ya 10: Zichanganye

Hii sikuitegemea, ilikuja kwenye daftari lenyewe. Moja ina nguvu haina utamu, nyingine ina utamu lakini nyepesi kwangu. Kwaiyo chukua Virginia ya kopo gramu 40, tumbaku ya kamba ya sokoni iliyofikichwa gramu 10, zote zikiwa kwenye unyevu ule wa hatua ya 5. Changanya kwa mkono kwenye sinia, lundika kwenye chupa ya kioo, kandamiza kwa ngumi, funga, weka kabatini penye giza na ubaridi, mi naweka chini ya sinki la jikoni nyuma ya ndoo. Usifungue wiki tatu. Ukiiona ni kali punguza ya sokoni iwe gramu 5, ukitaka nguvu zaidi usizidishe 15 maana hapo inaimeza Virginia yote.

Mzee wa Majengo nilimpelekea kidogo kwenye karatasi. Alinusa, akakaa nayo, akaniuliza ile nyekundu umeitoa wapi, nikamwambia ni jani kama la Tabora tu babu, limefanyiwa kazi nje. Akaniambia msimu ujao atatafuta mkulima wa Manyoni amwachie vishada vichache nijaribu kushindilia mwenyewe. Kwenye chupa andika tarehe, gramu za kila moja, na jina la aliyekuuzia, ili ikitokea nzuri ujue pa kurudi.